Kilio Kilichoitwa Kelele

Kwenye shamba la mzungu tulikokaa, nje ya Kitale upande wa mlima, neno lilikuwa moja tu. Mbwa wakibweka, kelele. Wanawake wakicheka mtoni, kelele. Ngoma ya tohara, kelele. Mtu akiuliza kwa nini posho ya wiki hii imepungua, hiyo nayo ilikuwa kelele, na pengine mbaya kuliko zote. Bwana mwenyewe alijua Kiswahili cha kuamrisha, maneno machache yasiyoshikana, na hilo alilipenda kuliko mengine. "Kelele hapana taka." Tulilisikia asubuhi, tukalisikia tena jioni.

Nyapara wake alilichukua neno hilo akalifanya lake. Alikuwa mtu wa kwetu, Mbukusu kama baba yangu, na ulimi wake ulipenda r, kwa hiyo kinywani mwake lilikuwa kerere. Alivaa filimbi shingoni kwa uzi wa kiatu. Mara nyingi alikula kwetu, na akija Mama alichinja kuku. Baba alisema kwamba mtu mwenye filimbi ni heri ashibe. Mama hakukubaliana naye, lakini alichinja.

Baba alikuwa dereva wa mkokoteni wa ng'ombe. Alisomba magunia ya mahindi kutoka ghala la bwana mpaka stesheni ya Kitale, na hakuna barabara ya shamba lile ambayo hakuijua kwa miguu. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, na bei ya mahindi ilikuwa imewapa wazungu haraka mpya. Mvua za mwaka huo zilipoingia, kifua kilimkamata Baba. Alikohoa usiku kucha, na asubuhi akaamka na macho ya mtu aliyepigwa. Mama alimchemshia majani, akamsugua mgongo kwa samli. Hakupata nafuu.

Nyapara alikuja mlangoni asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijatoka vizuri.

"Mzee bado amelala?"

"Amelala kwa sababu ni mgonjwa," Mama akasema.

"Ugonjwa gani huu wa kila siku? Ng'ombe wamefungwa tayari. Bwana anasema asiyefanya kazi atoke, nyumba ibomolewe."

"Bwana amesema, ama ni wewe umesema?"

Nyapara alimwita Baba kwa jina lake, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita mbwa. Baba akatoka. Alikuwa amevaa koti kuukuu la jeshi, na alilifunga vifungo kimoja kimoja, polepole, huku nyapara akimtazama. Mama alisimama mlangoni mikono kifuani. Mimi nilikuwa naelekea kazini nyumba kubwa ya bwana, nikampita Baba njiani. Akaniambia, "Nenda, mama. Nitarudi mapema." Kwetu baba humwita binti yake mama.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshachumbiwa, na kazi yangu ilikuwa uyaya. Siku hiyo memsahib, mke wa bwana, alikuwa na wageni wa tenisi. Magari yalikuwa yamepangwa chini ya misonobari, gramafoni imewekwa barazani, na wanaume wa kizungu wenye suruali nyeupe walikuwa wakipiga mpira na kupigiana kelele za furaha. Hizo hazikuitwa chochote. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na watoto wawili wa memsahib, nikiwamenyea machungwa.

Mchana ulipogeuka, sauti ilipanda kutoka bondeni, kwenye nyumba zetu. Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, ndefu, ikipanda na kukatika na kupanda tena. Wachezaji wakasimama. Mmoja alicheka kidogo, halafu akaacha. Memsahib alitoka barazani na bilauri mkononi.

"Kelele gani hii? Leo mimi iko na wageni."

Nilikuwa nimeitambua sauti ya Mama.

"Wewe enda," akaniambia. "Ambia wao nyamaza. Ambia wao, wageni iko."

Ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha baba yangu. Nilitumwa kwenda kuinyamazisha.

Nilikimbia nikapita shamba la mahindi, majani yakinikata mikono. Mbele ya nyumba yetu Baba alikuwa amelazwa juu ya ngozi, koti limefungwa vifungo vyote. Vijana wa mikokoteni walikuwa wamemleta. Alianguka kabla ya kufika barabara kuu, wakasema, akiwa ameshika nira ili asianguke. Mama alikuwa anatembea kumzunguka, kitambaa cha kichwa amekivua, mikono hewani.

Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume halii tu. Hueleza. Anamsifu marehemu, anataja ukoo wake, anasema alivyougua na kilichomuua, na majirani wanaofika wanajua kila kitu kabla hawajakaa. Asiyelia hivyo watu humwangalia vibaya. Mama alimsifu Baba, akawataja baba zake, akawataja ng'ombe wake wa kazi kwa majina. Kisha akaanza kumtaja nyapara. "Alikula kuku wangu," akaimba, "leo amekula mwenye kuku. Nilimwambia huyu ni mgonjwa. Alimwita kitandani kwa jina, akamwita mpaka akaitika, na sasa mimi namwita haitiki." Aliyarudia, na kila aliporudia wanawake waliokuwa wakifika walimwitikia. Niliingia kati yao nikalia pia. Ujumbe wa memsahib sikuufikisha kwa mtu yeyote.

Nyapara alifika akipuliza filimbi. Wazungu wa juu walisikia sauti tu, lakini yeye alisikia maneno. Shamba zima lilikuwa linayasikia, na wengi wa watu wale walikuwa wamewahi kuitwa kitandani kwa namna ileile.

"Wacha kerere," akamwambia Mama. "Bwana ametuma. Marufuku. Mtalia kesho wageni wakienda."

Mama aliendelea kuimba. Hakumtazama, ila alimgeuzia wimbo. Nyapara akamshika mkono akamvuta kutoka kwa maiti.

Kuna mambo hayafanywi. Jirani yetu mmoja, mwanamke mfupi aliyekuwa amebeba mwiko kwa sababu alitoka mbio jikoni, alimpiga nao kisogoni. Mimi niliukamata uzi wa filimbi nikauvuta mpaka ukakatika shingoni mwake, na filimbi nikaitupa kwenye mahindi. Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Wanawake walikuwa juu yake, wanaume wakaja kutoka pande zote, wengine kuamulia na wengine kupiga, mbwa wakaingia miguuni mwa watu, masufuria yakagongwa, watoto wakalia. Nyapara alitoka ndani ya kundi lile shati limechanika, akakimbilia juu kwenye nyumba kubwa. Watu walimzomea mpaka akapotea nyuma ya misonobari. Sijajuta hata leo.

Askari walikuja asubuhi yake kwa lori. Nyapara ndiye aliyewaonyesha mtu. Angeweza kumwonyesha mwenye mwiko, au mimi niliyemchubua shingo kwa uzi, kwa maana alama ilionekana. Alimwonyesha Mama. Alisema ndiye aliyeanzisha fujo na kuwachochea wafanyakazi wasimtii bwana. Walimpandisha kwenye lori angali na majivu ya msiba usoni, na Baba bado yuko ndani, hajazikwa. Mama aliwaomba wamwache azike kwanza. Askari mmoja aliangalia chini. Mwingine akafunga mlango wa lori.

Bwana akaamuru maiti izikwe kabla ya mchana, kando ya shamba, na watu wasikusanyike. Walichimba wanaume wa mikokoteni. Nilisimama hapo na wanawake wachache, askari mmoja wa miguu akitulinda, na kila aliyefungua mdomo aliambiwa aufunge. Nilisikia majembe, na udongo ukianguka, na gramafoni ikipigwa kule juu.

Jumatatu nilirudi nyumba kubwa kuchukua gauni langu la kazi, si kwa hiari. Memsahib alinikuta jikoni. "Mimi nasikitika," akasema. "Lakini kelele mingi sana. Bwana nasema wewe enda." Alinipa sabuni na kipande cha kitambaa. Nilimwachia vyote juu ya meza, na gauni pia.

Kesi ilisikilizwa mjini Kitale. Nilitembea mpaka huko nikaingia nyuma ya chumba. Hakimu alikuwa mzungu kijana mwenye mafua. Mkalimani alikuwa Mwafrika aliyevaa tai, nisiyejua kwao ni wapi. Mama alisimama mbele na Kiswahili chake cha sokoni.

"Mheshimiwa anauliza, ulipiga kelele ama hukupiga?"

"Nililia."

"Jibu swali. Ulipiga kelele ama hukupiga?"

"Mume wangu alikufa. Alikuwa mgonjwa, huyu akamtoa kitandani, akafa. Ndiyo nililia."

Mkalimani akamgeukia hakimu akasema kitu kifupi, kifupi sana kuliko cha Mama. Sikujua Kiingereza, lakini urefu wa maneno hata kiziwi anauona. Hakimu akatikisa kichwa, akapenga kamasi. Nyapara naye akaitwa, akaonyesha shingo yake na shati lake lililochanika, akasema fujo ile ilikuwa ya kutisha na angeuawa. Mama alifungwa. Alikaa jela ya Kitale, akifagia nyua za serikali na kufua nguo za wafungwa, mpaka mahindi yalipoanza kukauka mashambani.

Nyumba yetu ilibomolewa. Nilikaa kwa yule jirani mwenye mwiko, kwa kujificha, mpaka Mama alipotoka. Hakutaka kulala hata usiku mmoja karibu na shamba lile. Alikwenda kaburini mchana kweupe, akasimama, akaondoka. Tulimswaga ng'ombe wetu aliyebaki, tukashuka kwa njia ya Kiminini, tukavuka mto Kamukuywa, tukielekea Matulo, kwa ndugu za Baba. Njiani Mama alisema kidogo. Alisema tukifika kwa watu wetu tutalia vizuri.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, alikuwa ameketi nje akianika tumbaku. Habari ilikuwa imemfikia zamani, lakini kwa vipande. Alikuwa amesikia kwamba ndugu yake alizikwa upesi, ugenini, bila kilio, na kwamba mke hakuwepo kaburini. Hayo yote yalikuwa kweli. Hakusimama kutupokea.

"Umekuja na ng'ombe," akamwambia Mama. "Na ndugu yangu umemwacha wapi?"

"Dada, nitakueleza."

"Umezika mume kimya, kama mtu anayefukia mbwa. Mke anayezika kimya anajua kilichomuua mume wake."

"Nilikuwa nimefungwa."

"Umefungwa kwa nini?"

"Kwa kulia."

Shangazi akacheka. Nimesikia vicheko vingi vibaya maishani mwangu, na hicho nakikumbuka vizuri zaidi. "Sikilizeni," akawaita wake wa boma lile. "Serikali siku hizi inafunga watu kwa kulia. Si wezi, si wauaji. Wanaolia."

Na kusema kweli, nani angeamini? Hata mimi nikiisimulia leo naona jinsi inavyosikika. Kitale tulishtakiwa kwa kelele, na Matulo tukashtakiwa kwa kimya. Nilijaribu kumweleza shangazi mwenyewe, akaniambia binti hufuata ulimi wa mama yake. Mama hakunyolewa nywele kama mjane anavyonyolewa, kwa hiyo hakutakaswa, na mjane asiyetakaswa haingii nyumba za watu wala halimi na wenzake. Alipewa kibanda ukingoni mwa boma. Akienda kisimani, wanawake waliinua mitungi wakaondoka. Wakati mwingine walimzomea, taratibu, midomo imefungwa, mlio kama wa nyuki, mpaka akaacha kwenda mchana. Mama aliyekuwa na sauti iliyosimamisha tenisi ya wazungu akawa mtu wa kunong'ona.

Mimi niliolewa na mchumba wangu, fundi seremala, tukahamia mji wa Bungoma. Nilimwomba Mama aje tukae pamoja. Alikataa. "Nikitoka hapa sasa," akasema, "watasema nimekimbia."

Kisha ikaja siku ya mnada wa ng'ombe Bungoma. Nilikwenda na mume wangu kununua maziwa ya mgando. Shangazi naye alikuwa huko, kwa sababu siku za mnada alileta tumbaku aliyokuwa akiichukua kwa watu wa Malakisi. Tulisalimiana kama tulivyozoea, yaani tulitazamana tu. Nilipogeuka nikamwona nyapara. Alikuwa amekuja kutafuta mafahali wa bwana. Alikuwa amenenepa, na filimbi nyingine ilikuwa shingoni, hii kwa mkanda wa ngozi.

Alinitambua, akatabasamu. "Binti yangu. Habari ya siku nyingi? Mama hajambo?"

Sijui kama ni hilo neno binti, au ni kule kumwulizia Mama. Nilimwambia asiniite hivyo. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti kubwa, halafu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia mbele ya watu na ng'ombe kwamba alimtoa baba yangu kitandani akafa ameshika nira, na kwamba alimfunga mama yangu jela. Watu wakaacha kupatana bei. Wakatuzunguka. Mume wangu akaja akanishika bega, nikamwondoa mkono.

Nyapara aliangalia huku na huku. Angeweza kuondoka. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kunyamazisha watu, na hapo hakuwa na bwana nyuma yake.

"Mama yako alistahili," akasema. "Ndiyo, nilimshtaki. Mwanamke gani analia namna ile? Alilia mpaka wazungu wakaacha kucheza. Aliniimba jina langu mbele ya shamba lote, ati nimekula kuku wake nimekula na mumewe. Mpaka leo watoto wa wafanyakazi wananiimbia wimbo ule. Na siku ya kuzika nilihakikisha hayupo, la sivyo angeanza tena kerere yake."

Hapo nikamwona shangazi. Alikuwa amesimama na kifurushi cha tumbaku kifuani, mdomo wazi. Alimkaribia nyapara, mwanamke mzee mrefu, akamwuliza polepole, "Alilia?"

"Si nimesema?"

"Ulimwondoa ndiyo maana hakuwepo kaburini?"

Nyapara alitambua, nadhani, kwamba anazungumza na mtu ambaye hakumpima. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni dada ya uliyemuua," shangazi akasema, akamrushia tumbaku usoni.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Mnada ulivunjika. Mafahali wawili walikata kamba wakapita kwenye vibanda vya nguo. Watu ambao hawakujua chanzo waligombana juu ya chanzo. Askari wa mji alikuja akipiga kelele watu waache kelele. Nyapara alipotea katikati ya hayo, na nasikia alirudi Kitale bila mafahali na bila kofia.

Jirani yangu mjini Bungoma wakati ule alikuwa mama wa Kiswahili, mjane wa mfanyabiashara aliyekuja bara zamani. Jioni alinifunga kidole nilichoteguka, nikamweleza. Yeye ndiye aliyenipa maneno. Ya leo mnadani, akasema, ilianza kuwa zogo, mafahali walipokata kamba ikawa zahama, na askari alipokuja ikawa rabsha. "Hizo zote ni zenu," akasema. "Lakini mama yako, mwanangu, hakufanya hata moja. Mama yako aliangua kilio. Kilio hakimo katika hesabu hiyo." Niliyarudia maneno yale mpaka nikayashika. Niliwaza hakimu yule angenielewaje kama ningesimama siku ile nikiwa nayo, kisha nikaona asingenielewa. Angemwuliza mkalimani.

Shangazi hakuomba msamaha. Sikuwahi kumsikia akiomba, kwa yeyote. Alirudi Matulo, akawaita ndugu wa Baba, akawaambia mjane anyolewe na kilio kifanywe upya. Ng'ombe tuliyekuja naye ndiye aliyechinjwa. Nilikwenda na mume wangu. Shangazi alimnyoa Mama mwenyewe, kwa wembe usiokata vizuri, na hakumhurumia, akamwacha na mikwaruzo miwili juu ya sikio. Mama alikaa wima.

Watu walipokusanyika walimwambia sasa aweza kulia. Alisimama, akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Alijaribu tena. Ilitoka pumzi tu na kitu kama kikohozi. Wanawake wale waliokuwa wakimzomea kisimani walingoja, wakatazamana, na mwishowe mmoja akaanza kwa niaba yake, wengine wakafuata. Walilia kwa nguvu sana. Mama aliketi chini katikati yao, akaangalia mikono yake.

Baadaye nilimwuliza kama moyo umetulia. Akaniambia, "Wamelia vizuri. Lakini hawamjui niliyekuwa nikimlilia." Mwaka uliofuata alikubali kuja Bungoma kwangu. Alifuga bata nyuma ya nyumba, akawapenda wajukuu wake, na shangazi alipopita na tumbaku yake siku za mnada, Mama aliingia ndani akafunga mlango mpaka apite.